Kozi Tatu Tu: Mabadiliko ya Kazi Yanapoleta Ugomvi Saiti

Mwenye nyumba alifika saiti Ijumaa baada ya swala, akasimama chini ya mwarobaini akiutazama ukuta wa ua uliokuwa umefika mita mbili na kidogo. "Fundi wangu, hebu niongezee kozi tatu tu, watu wasichungulie ndani." Kontrakta akajibu, "Haina neno, mzee." Hapakuandikwa karatasi wala kutajwa bei, na alasiri hiyo hiyo nyapara akaanza kozi ya kwanza, yaani safu ya kwanza ya mawe. Miezi mitatu baadaye niliitwa Nyali, hapa Mombasa, kuupima ukuta ule, na wawili wale walikuwa hawasalimiani tena.

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Saiti huniita QS. Ugomvi wa namna hii nimeitiwa mara nyingi, na mara nyingi sikukuta mwizi. Nilikuta watu wawili walioyasikia maneno mamoja kwa maana mbili. Mzee alisikia "haina neno" akaelewa kwamba kazi ni ndogo, imo ndani ya bei. Kontrakta alilitamka akimaanisha: nitaifanya, kisha tutahesabiana. Muda mfupi ule, kati ya neno kutamkwa na tofali kuwekwa, ndio unaozaa karibu kila tatizo lililo hapa chini.

Nimeupanga mwongozo huu kwa malalamiko, kama yanavyosemwa na watu wenyewe. Tafuta lako. Lakini kwanza jua unasimama juu ya mkataba gani, kwa sababu dawa hutegemea hilo. Majumba mengi ya watu binafsi yenye mkataba rasmi hutumia ule wa Joint Building Council, baraza la ujenzi la hapa Kenya, toleo la 1999, ambao kifungu chake cha 30 kinahusu mabadiliko. Kazi kubwa za barabara na bandari, hasa zinazofadhiliwa na benki za maendeleo, hutumia FIDIC, mkataba wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na huko mabadiliko yamo katika kifungu cha 13. Kazi za kaunti na za serikali kuu zina mkataba wake, na juu yake ipo Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015. Halafu kuna nyumba chungu nzima, Kisauni, Bamburi, Likoni, zinazojengwa kwa BQ (orodha ya kazi, vipimo na bei zake) yenye muhuri na kupeana mikono. Wa huko ndio wanaoumia zaidi, na nimewaandikia wao kwanza.

Agizo la mabadiliko ni maandishi yanayosema mambo matatu: nini kinabadilika katika kazi iliyokubaliwa, kinabadilika kwa pesa ngapi, na kinaongeza au kupunguza siku ngapi. Likikosa moja kati ya hayo, ugomvi utaingilia pale palipoachwa wazi.

"Nimeifanya kazi, sasa wananiambia hawakuniagiza"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa makontrakta. Uliza maswali mawili kabla hujapandisha sauti: nani hasa alisema, na je, mkataba unampa uwezo wa kusema?

Sababu ya kwanza ni agizo la mdomo. Mikataba mizuri inajua kwamba saiti watu husema, hawaandiki, kwa hiyo imeweka njia ya kuliokoa neno. FIDIC ya 1999, kifungu cha 3.3, inasema mhandisi akikuagiza kwa mdomo, nawe ukathibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, naye asipokukatalia kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi tangu apokee, basi uthibitisho wako mwenyewe unakuwa agizo la maandishi. Angalia ulivyo mlango mwepesi: mwenye kuandika ni wewe, na kimya chake kinakutosha. Kama mkataba wako si FIDIC, fungua sehemu inayohusu maagizo, utafute siku zilizotajwa, uziandike kwa kalamu nyekundu ukutani mwa ofisi ya saiti. Kama huna mkataba wa maana, jiwekee sharti la jioni hiyo hiyo.

Ujumbe wenyewe hauhitaji Kiingereza cha mawakili. Kwa ule ukuta wa Nyali, huu ungetosha:

"Salaam aleikum mzee. Leo saa nane u nusu umeniagiza niongeze ukuta wa ua kwa kozi tatu, mzunguko mzima isipokuwa geti. Kazi hii haimo kwenye BQ. Nitakuletea bei na siku kesho kabla ya saa sita mchana. Mafundi hawataanza mpaka uniandikie 'nakubali'. Kama sikukuelewa vizuri, nisahihishe."

Ujumbe wa WhatsApp una thamani, na Sheria ya Ushahidi ya Kenya inakubali rekodi za kielektroniki, ingawa kortini utatakiwa uambatishe cheti kinachoeleza rekodi ilivyotolewa kwenye simu. Lakini kama mkataba unasema taarifa ipelekwe kwa barua, peleka na barua. Ujumbe wa sauti ni tatizo zaidi. Mzee akikutumia dakika mbili za sauti zenye maagizo matano na habari za harusi, usijibu "sawa". Sikiliza, yaandike yale matano kwa namba, umrudishie.

Sababu ya pili ni mdomo usio na mamlaka. Hapa Mombasa wenye nyumba wengi wako Muscat, Jeddah au Dubai, na saiti inasimamiwa na mjomba, shemeji au rafiki wa msikitini. Mjomba anasema choo cha wageni kisogee, kontrakta anasogeza kwa heshima ya utu uzima, kisha mwenye pesa anarudi likizo na kuuliza nani aliharibu ramani. Wakati mwingine mzee anasema dirisha liwe dogo na mama mwenye nyumba anasema liwe kubwa, na wote wawili wana haki ya kuheshimiwa. Dawa hutolewa siku ya kwanza: barua ya mistari mitatu, iliyotiwa saini na mwenye pesa, ikimtaja mtu mmoja tu mwenye uwezo wa kuagiza mabadiliko, na kiwango cha pesa ambacho akikizidi lazima amuulize mwenyewe. Ukiwa nayo, unaweza kumjibu mjomba bila kumvunjia adabu: "Shikamoo mjomba, wazo zuri, naliandika sasa hivi nimpelekee bwana mkubwa aliridhie."

Sababu ya tatu haisemwi na mtu yeyote, na ndiyo ghali kuliko zote: ramani mpya. Msanifu analeta ramani yenye herufi C pembeni mahali pa B, nyapara anaitandika juu ya ile ya zamani, kazi inaendelea. Hakuna aliyesema kwamba boriti ya zege imekua kutoka kimo cha milimita 450 hadi 600. Kila ramani inapoingia, mtu mmoja akae na ile ya nyuma, azilinganishe mstari kwa mstari, azungushie kila tofauti, aandike siku hiyo hiyo kuuliza: je, hili ni badiliko? Ramani ya zamani itolewe saiti kabisa. Nimewahi kuona nguzo tatu zikivunjwa kwa sababu fundi wa vyuma alikuwa akisoma karatasi ya mwezi uliopita.

"Kazi nakubali niliagiza, lakini bei imenishtua"

Hapa malalamiko yanatoka upande wa mwenye nyumba, na mara nyingi ana haki ya kushtuka. Turudi Nyali. Kontrakta alidai shilingi 230,000 kwa mkupuo, bila hesabu. Mzee aliona tofali chache za kozi tatu, akakadiria elfu hamsini. Kila mmoja alikuwa mbali na ukweli kwa upande wake.

Tukapima. Ukuta ulikuwa mita 60 ukitoa geti. Kozi tatu za milimita 200 ni mita 0.6 kwenda juu, kwa hiyo mita 36 za mraba za mawe. BQ yao ilikuwa tayari na bei ya ukuta huo huo wa mawe ya matumbawe, shilingi 1,900 kwa mita ya mraba: 68,400. Kisha plasta, ambayo mzee hakuifikiria, pande zote mbili: mita 72 za mraba kwa 550, yaani 39,600. Kisha nguzo. Ukuta ule ulikuwa na nguzo kila baada ya mita tatu, 21 kwa jumla, na kila moja ilibidi irefushwe kwa mita 0.6; ni mita 12.6 kwa bei ya BQ ya 1,600, yaani 20,160. Jumla 128,160. Kontrakta alikuwa amesajiliwa kwa VAT, tukaongeza asilimia 16, tukafika 148,665 na senti 60.

Kontrakta akabaki na swali la haki: "Na kopingi nilizovunja?" Kweli, mita 18 za kopingi, ile kofia ya simiti juu ya ukuta, zilikuwa zimeshamiminwa kabla ya agizo, zikabomolewa, zikamiminwa upya. Hizo zilistahili malipo, ila hakuwa na picha wala mashahidi wa urefu ule isipokuwa mafundi wake. Mzee alikubali mita 10. Mita 8 zilipotea kwa kukosa picha moja ya simu yenye futi imelazwa juu ya kazi kabla nyundo haijapiga.

Katika hesabu hiyo mna mpangilio ambao mikataba mingi huufuata, nao ni wa kukariri. Kama kazi mpya inafanana na iliyomo kwenye BQ, na mazingira yake ni yale yale, tumia bei ya BQ, hata kama leo unaiona ndogo. Kama inafanana lakini mazingira yamebadilika, chukua bei ya BQ uirekebishe kwa tofauti inayoonekana: ukuta wa ghorofa ya tatu unahitaji jukwaa na mpandishaji, wa chini hauhitaji. Kama haifanani na chochote, jenga bei mpya kutoka chini: vifaa, mafundi, mashine, usafiri, kisha gharama za ofisi na faida. Bei ya namna hii ulizia mapema, maana kivuko cha Likoni kina foleni na lori la kokoto linaloingia kusini halilipishi sawa na la kisiwani. Kisha kuna kazi isiyopimika kabisa, kama kutafuta bomba linalovuja chini ya sakafu. Hiyo hulipwa kwa kutwa, na karatasi yake lazima itiwe saini siku ile ile: nani alifanya, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, simiti mifuko mingapi. Karatasi ya kutwa inayoandikwa mwisho wa mwezi kwa kukumbuka, mimi huikata, na sioni haya kusema hivyo.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu wingi. Bei ya BQ ilitolewa kwa kiasi fulani. Kiasi kikipanda au kushuka mno, bei yenyewe inaweza kupoteza maana. FIDIC ya 1999, kifungu cha 12.3, inaruhusu bei mpya pale masharti yote haya yanapotimia kwa pamoja: kiasi kilichopimwa kimetofautiana na cha BQ kwa zaidi ya asilimia 10, tofauti hiyo ikizidishwa kwa bei inapita asilimia 0.01 ya thamani ya mkataba. Tofauti hiyo imebadilisha gharama ya kipimo kimoja kwa zaidi ya asilimia 1. Na mkataba haukuitaja bei hiyo kuwa isiyobadilika. Watu husikia "asilimia 10" wakakimbia nayo. Soma yote manne.

Kwa mwenye nyumba, dawa ni kuuliza bei kabla ya kazi na kuikataa bila woga ukiona huwezi. Kozi tatu zingeweza kuwa kozi mbili. Au angeweza kupanda mchongoma.

"Tumechimba, tumekuta mwamba"

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa Nyali na Bamburi vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo si mmoja. Hapa ni mgumu wa kuvunja kwa kompresa, hatua tano mbele una pango tupu linalomeza zege. Ukivuka kwenda Changamwe na Miritini unaingia kwenye udongo wa mfinyanzi juu ya mwamba wa sheli (tope lililoganda likawa jiwe), udongo unaovimba ukinyweshwa na kupasuka ukikauka. Kwa hiyo fundi aliyezoea upande mmoja anaweza kukosea vibaya upande wa pili.

Je, mwamba ni badiliko? Fungua BQ utafute mstari wa "ziada ya kuchimba mwamba" kwa mita za ujazo. Kama upo, bei ilishakubaliwa, na ugomvi ni wa kipimo tu. Kama haupo, tazama kama kontrakta aliahidi bei moja ya kazi yote kwa kujua hali ya ardhi mwenyewe. Mikataba mingine humtwika yeye hatari hiyo yote. Pango, choo cha shimo cha zamani, kisima kilichofukiwa: vitu ambavyo kontrakta mzoefu hangeweza kuviona kabla, mara nyingi hupewa njia ya madai. Lakini njia hiyo ina taarifa na siku zake, na shimo halisubiri.

Kipimo cha mwamba hufa ukimwaga zege. Kabla ya kufukia, mwakilishi wa mwenye nyumba na wa kontrakta washuke pamoja na futi, wapime urefu, upana na kina cha sehemu ya mwamba peke yake, waandike kwenye daftari la saiti, watie saini, wapige picha kijiti kilichotiwa alama za mita kikiwa kimesimama shimoni. Dakika ishirini. Asiyekuja akiitwa kwa maandishi, pimeni na mtu mwingine asiye wenu na mumtumie vipimo siku hiyo.

Msibishane pia kuhusu neno "mwamba". Andikeni tangu mwanzo maana yake, kwa mfano kile kisichochimbika kwa sururu na lazima kivunjwe kwa kompresa au nyundo ya mashine. Matumbawe laini yanayochimbika kwa sururu yasilipwe kama mwamba.

"Walilipa mabadiliko, sasa wananikata kwa kuchelewa"

Agizo lilitoka na pesa zikalipwa, lakini siku hazikutajwa. Mwisho wa mkataba unafika, jengo halijaisha, na fidia ya kuchelewa inaanza kukatwa. Ikiwa fidia ni shilingi 10,000 kwa siku, badiliko la laki moja na nusu linaliwa lote kwa siku 15.

Swali la kutafuta chanzo ni hili: badiliko liligusa kazi ambayo nyingine zilikuwa zinaisubiri? Kubadilisha rangi ya geti hakuchelewishi chochote. Kusogeza vyoo vya ghorofa ya kwanza vyuma vya slabu vikiwa vimeshafungwa kunasimamisha kila mtu.

Na hapa pwani, siku sita si siku sita kila wakati. Niliwahi kufuatilia slabu iliyopangwa kumiminwa wiki ya mwisho ya Machi. Vyoo vikasogezwa, fundi bomba akarudi kuweka mabomba upya, siku sita zikapita, tukaingia Aprili na masika yakafungua. Zege likamiminwa siku ya kumi na tano. Mwakilishi wa mwenye jengo akasema: nakupa siku sita, mvua ni ya Mungu na kila mwaka inajulikana. Hoja yake ina nguvu, kwa kuwa mvua ya masika peke yake kontrakta anatakiwa aijue. Lakini ratiba iliyokubaliwa ilionyesha slabu inamalizika kabla ya mvua, na kilichoisukuma ndani ya mvua ni badiliko. Daftari la saiti lilikuwa na mvua ya kila siku na saa zake, na ratiba ilikuwa na saini. Siku zote zikatolewa. Bila vitu hivyo viwili ningemshauri kontrakta akubali zile sita.

Taarifa ndiyo inayowaangusha wengi. FIDIC ya 1999, kifungu cha 20.1, inampa kontrakta siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kwamba kuna jambo la kudai. Zikipita, anapoteza muda na pesa pia. Maelezo kamili yana siku 42. Toleo la 2017 limezibakiza zile 28 na kurefusha maelezo hadi siku 84. Huhitaji kujua idadi ya siku unazodai ili kutoa taarifa. Andika tu kwamba agizo namba fulani linaweza kuchelewesha kazi na kwamba maelezo yanakuja.

Mwenye nyumba naye asidhani kumnyima kontrakta nyongeza ya siku ni ushindi. Kama ni yeye aliyesababisha kuchelewa na akakataa kusogeza tarehe, mwamuzi anaweza kuona kwamba tarehe ile haimfungi tena kontrakta, na haki ya kukata fidia ikaanguka yote.

"Afisa alisema tuendelee, karatasi zitafuata"

Hii ni ya kazi za umma, na nawaomba makontrakta wadogo waisome mara mbili, kwa sababu nimeona watu wakiuza magari na viwanja kwa ajili yake.

Kifungu cha 139 cha Sheria ya Ununuzi wa Umma kinataka badiliko la mkataba liidhinishwe kwa maandishi na mamlaka iliyotoa tenda, kwa pendekezo la kamati ya tathmini. Afisa anayekagua saiti, hata awe mhandisi mwenye cheo na mtu mwema, si mamlaka hiyo. Sheria inasema pia bei ya mkataba isipandishwe ndani ya miezi 12 tangu kutiwa saini. Badiliko la kiasi cha kazi za ujenzi lisizidi asilimia 20 ya kiasi cha awali. Na jumla ya mabadiliko yote isiongeze bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 25. Yakizidi hapo, kazi ya ziada hutangazwa tenda yake.

Fanya hesabu ya kikomo hicho kila badiliko linapokuja. Mkataba wa shilingi 18,000,000 una nafasi ya 4,500,000 tu kwa jumla. Kama mabadiliko ya nyuma yamefika 4,200,000 na afisa anataka mtaro urefushwe kwa laki sita, huo mtaro hauwezi kulipwa kihalali ndani ya mkataba wako, hata ukijengwa vizuri namna gani. Mwandikie barua kwa heshima: tuko tayari kufanya, tunasubiri idhini ya maandishi. Utakasirikiwa wiki moja. Deni lisilo na karatasi linakaa miaka, na kila ofisi inayokuja inaanza kuuliza upya nani aliidhinisha.

Mengine, kwa ufupi

*Kazi imepunguzwa na kupewa mtu mwingine.* Mwenye jengo anaweza kuondoa kazi asiyoihitaji tena. Kuiondoa ili ampe fundi wa bei rahisi ni jambo jingine, na FIDIC ya 1999 inakataza waziwazi kuondoa kazi itakayofanywa na wengine bila makubaliano.

*Taili zilizoandikwa hazipatikani madukani.* Kontrakta akiomba kuleta nyingine na akaruhusiwa, ruhusa hiyo peke yake haimpi nyongeza ya pesa. Iandikwe kama ni kwa bei ile ile.

*Badiliko limekubaliwa na pande zote, lakini kaunti imesimamisha kazi.* Kuongeza ghorofa au kubadilisha matumizi ya jengo kunahitaji ramani mpya kuidhinishwa na kaunti. Mji wa Kale kuna zaidi: ni eneo la hifadhi, na hata kubadilisha mlango, baraza au roshani kunahitaji kupita kwa ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makavazi ya Kitaifa (National Museums). Uliza huko kabla ya kuagiza seremala, na siku za kusubiri ziandikwe ndani ya agizo la mabadiliko.

"Tumefika hesabu ya mwisho, kila mtu ana namba zake"

Ukifika hapa, tatizo lilianza mwezi wa kwanza. Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ninalolitaka ni la kurasa chache: namba ya badiliko, tarehe, aliyeagiza, ramani inayohusika, pesa zilizoombwa, pesa zilizokubaliwa, siku zilizoombwa, siku zilizokubaliwa. Kila mwezi, kabla ya hati ya malipo kutolewa, pande mbili zikae nalo nusu saa na kahawa chungu. Lililokubaliwa litiwe saini na liingizwe kwenye malipo ya mwezi huo. Lisilokubaliwa libaki na alama, na sababu yake iandikwe wakati bado mnaikumbuka.

Kama hamkulifanya, anzeni sasa kwa kutenganisha. Orodhesha mabadiliko yote, weka upande mmoja yale ambayo wote mnakubali yalifanywa, pimeni tena pamoja yanayopimika, na yalipwe bila kusubiri yaliyobaki. Kumzuilia mtu laki nane mnazokubaliana kwa sababu ya laki moja mnayobishania ni dhuluma, na huigeuza laki moja kuwa kesi. Ile laki moja mpelekeeni QS mmoja asiye wa upande wowote, mgawane ada yake.

Ikishindikana, tazama mkataba kama unataka mzozo upelekwe kwa mwamuzi wa kuteuliwa nje ya korti. Ukienda kortini kwanza, mwenzako anaweza kuomba kesi isimamishwe mpaka njia hiyo ifuatwe. Kama hakuna kifungu hicho na dai halizidi shilingi 1,000,000, Mahakama ya Madai Madogo ipo hapa Mombasa, huhitaji wakili, na sheria yake inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Dai la mkataba lina miaka 6 ya kufunguliwa tangu haki ilipovunjwa. Kwa hiyo daftari la saiti, karatasi za kutwa, ramani za zamani zenye herufi zake na simu yenye zile picha visitupwe siku ya kukabidhi funguo. Vitie kwenye sanduku la bati, mbali na unyevu wa bahari, uandike juu jina la jengo na mwaka.